Mtu wa Nyota Aliyepiga Magoti

Eness alikuwa mfumaji wa nyavu pale Nchelenge, kando ya ziwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na mumewe Fanwell naye ni hivyo hivyo. Siku nzima ingeweza kupita nyumbani kwao kwa salamu na neno moja la chakula, na hakuna aliyeona pengo.

Eness alipokufa, wakati wa mvua za mwaka wa hamsini na saba, ndugu zake walikuja wakagawana vitambaa vyake na vyungu vyake, kama desturi inavyotaka. Fanwell hakuzuia kitu. Walipoondoka, ndipo alipoona kwamba hakubaki na picha yake hata moja.

Picha ilikuwepo moja tu duniani. Na humo Eness hakuwa mtu. Alikuwa kiumbe kilichoshuka kutoka kwenye nyota.

Ilikuwa hivi. Kiangazi kabla ya msiba, Mzungu mmoja alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo na mashine ya kupigia sinema. Watu walimwita Patron. Alitaka mchanga, mitumbwi, matete, na katikati ya hayo watu wa nyota wakitembea ufukoni. Mavazi yao yalikuwa ya karatasi ngumu, ndani ya sanduku. Sanduku likatumbukia majini wakati wa kushusha mizigo. Kilichotolewa humo kilikuwa uji.

Misheck, mchuuzi wa samaki aliyemfasiria Patron, alikuja mpaka kwa Eness. Alimwita BanaChola, mama wa Chola, kwa jina la binti yake, kama watu wote walivyomwita.

“BanaChola, Patron anauliza, unaweza kushona mutu?”

“Mutu wa namna gani?”

“Wa nyota. Haiko na kinywa. Macho makubwa sawa sahani.”

“Haiko na kinywa? Sasa anakulaka nini?”

Misheck akamgeukia Patron, wakasemezana. “Anasema hakuna mutu aliuliza ile.”

“Basi ni mugeni muzuri,” akasema Eness. “Nitamushona.”

Alichukua nyavu kuukuu zilizokwisha kazi. Juu yake akashonea magamba ya samaki wakubwa wa ziwa lile, yaliyokaushwa juani, gamba juu ya gamba, yakielekea chini kama yanavyokaa kwenye samaki mwenyewe. Jirani yake Felistus na wanawake wengine wakamsaidia, maana Patron alitaka watu wanne. Vichwa akavisuka kwa matete, kwa umbo la mtego wa samaki, akavipaka udongo na majivu. Macho yalikuwa vitako vya vibuyu, vimesuguliwa mafuta mpaka vikang'aa.

Asubuhi moja Fanwell alirudi kutoka ziwani akakuta mwili usio na kichwa unaning'inia mlangoni, unameremeta. Alisimama kidogo.

“Huyu atalala wapi?”

“Upande wako,” akajibu Eness bila kuinua macho. “Wewe utalala na paka.”

Na paka walikuwepo kweli. Harufu ya magamba iliwaleta wote wa Nchelenge, wakakaa mbele ya nyumba kama watu wanaongoja ibada ianze.

Siku ya kuvaa ilipofika, wanaume watatu walivaa. Wa nne alitazama lile vazi, akasema anaitwa kwao, akaondoka kwa miguu ya haraka.

“Mwanaume anakimbia magamba!” Felistus akapiga kelele. “Na jioni utakula ugali na nini, wee?”

Vazi lililobaki lilikuwa dogo. Eness alilipimia mwilini mwake mwenyewe, maana ndio mwili uliokuwa karibu. Hakuna mwanaume liliyemtosha. Akalivaa yeye.

Patron alisema watembee kama watu ambao hawajawahi kukanyaga dunia. Wale watatu wakatembea kama walevi. Eness alifikiri kidogo. Kisha akatembea kama Chola alivyotembea alipokuwa anajifunza: anaweka mguu, anauliza mchanga kama utamshika, ndipo analeta uzito. Patron akaelekeza kidole. Hivyo. Wote hivyo. Fanwell, aliyekuwa akianika nyavu, aliona kile kiumbe na kwa mara ya kwanza baada ya miaka akamkumbuka mwanawe na miguu yake midogo. Akainama kwenye nyavu zake.

Matata yalikuja pale mzee alipopita. Katika ile sinema kijiji kizima kinakimbia, anabaki mzee mmoja, naye anapita katikati ya watu wa nyota bila woga. Mzee aliyechaguliwa alikuwa Jairos, mjomba wa Fanwell. Kwa Eness huyo ni mkwe, mtu ambaye mwanamke hawezi kubaki amesimama mbele yake.

Wenzake walisimama kama vijiti. Eness akashuka magotini. Magamba yakapasuka kama mahindi kwenye chungu cha moto. Akakunja viganja, akapiga makofi yale ya taratibu ya salamu.

Patron akarusha kofia chini.

“BanaChola!” Misheck akakimbia. “Patron anasema batu ba nyota habapigake magoti!”

Sauti ikatoka ndani ya matete. “Kule kwenye nyota hakuna bakwe?”

Misheck akafasiri. Patron akajibu kwa maneno mengi.

“Anasema hajui. Lakini usipige.”

Watu wakacheka mpaka mashine ikasimamishwa. Patron hakucheka. Akamhamisha Eness mwisho kabisa, karibu na matete, mbali na njia ya mzee. Na Jairos akaambiwa apite bila kumtazama mtu wala kujibu kitu.

“Nisijibu salamu ya mukwe?” mzee akalalamika. “Batu bataona hii kintu mpaka Chienge. Batasema Jairos haina adabu.”

Alikubali, lakini hakupendezwa.

Jioni ile Eness alikaa mlangoni na lile vazi mapajani, akashonea magamba mapya pale magotini, na chini yake akaweka wavu mara mbili.

“BanaChola,” Fanwell akasema. “Kesho unasimama tu.”

“Ndiyo, mukwai,” akajibu kwa neno lile la heshima.

“Sasa magoti unayaongezea nini?”

Akakata uzi kwa meno. “Yawe tayari.”

Kesho yake Fanwell alitazama, lakini wale wanaume watatu walimziba. Jioni akamuuliza kama alipiga magoti. Eness akampa maji ya kunawa, akacheka kwa pua tu. Patron akapakia mashine yake na mavazi yote manne, akavuka ziwa. Wakati wa mvua, kifua kikamshika Eness. Swali lile Fanwell hakulirudia tena.

Mwaka wa hamsini na nane lori la sinema lilifika Nchelenge. Patron alikuwa ameahidi kuwaletea sinema yao, na ahadi aliitimiza. Walifunga shuka kubwa kati ya nguzo mbili karibu na soko, wakangoja jua lizame. Chola alikuja kutoka Mununga, mtoto mgongoni.

“Batata, utaona nini?” alimwambia baba yake. “Uso ulifunikwa.”

“Nitakwenda.”

“Bote bane banafanana. Utamujua mama namna gani?”

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi tangu aliposikia lori linakuja. Alivaa koti lake la kanisani.

Alikaa chini mbele. Karibu naye Mzee Jairos alikaa kwenye kigoda, mkongojo katikati ya magoti. Shuka likawaka. Ziwa lao likatokea, bila rangi, na watu wakapiga kelele wakiona mitumbwi yao. Kisha watu wa nyota wakatoka kwenye matete.

Wanne. Wote walimeremeta sawa. Fanwell alitafuta mdogo kuliko wenzake, lakini kwa mbali vile kila mmoja alikuwa mdogo. Alitafuta ule mwendo wa mtoto. Wote walitembea hivyo. Eness alikuwa amewafundisha wote. Akaona shuka linaanza kuyeyuka mbele ya macho yake, akajifuta kwa mkono wa koti haraka, asije akapitwa.

Mzee Jairos wa kwenye shuka akaanza kupita. Watu wakamshangilia. Yeye akapita uso mkavu, bila kugeuka. Wa kwanza, kijiti. Wa pili, kijiti. Wa tatu.

Nyuma kabisa, karibu na matete, mahali ambapo hakuna mtu angetazama, kiumbe kimoja kidogo kikashuka magotini. Viganja vikakutana, taratibu. Sauti haikusikika. Kulikuwa na muziki wa Wazungu tu.

Felistus akasema, “Yangu mama. Njo yeye.”

Mzee Jairos aliona. Aliulaza mkongojo chini. Akakunja viganja vyake vikavu, akapiga makofi kumjibu, polepole, kama inavyompasa mzee aliyesalimiwa na mkwe.

“Eya mukwai,” akasema. “Eya, BanaChola.”

Wanawake wakaanza, na wanaume wakafuata, soko zima, makofi yale ya chini ya kujibu salamu. Kwenye shuka watu wa nyota walikuwa wamekwisha ondoka, kulikuwa na gari linakimbia vumbini, na mtu wa lori akatabasamu, akidhani wamelipenda gari.

Fanwell alikuwa wa mwisho kupiga. Mikono haikutaka kukutana. Ilipokutana, hakuiachia upesi.

Walipokuwa wakirudi, Chola alimshika kiwiko.

“Batata. Ulimuona uso?”

“Hapana,” akasema Fanwell. “Nilimuona magoti.”

Wakatembea. Baada ya nyumba kadhaa akaongeza, “Ule wavu wa mara mbili ulimusaidia.”