Rangi ya Paa la Mwisho

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya ramani kuukuu, karibu na barabara ya Ngong, nilipewa mkate. Haukuwa wa kula. Msimamizi wa karakana aliufinya ule ulaini wa ndani ukawa kidonge, akakiviringisha juu ya karatasi iliyochafuka. Kidonge kikawa cheusi, karatasi ikaanza kupumua.

"Mpira wa kufutia unachubua," akasema. "Mkate unabembeleza. Na usilambe vidole, msichana. Hilo ni vumbi la watu waliokufa."

Nilikuwa nimetoka Machakos na mikono isiyojua kutulia. Nikapanga chumba Kambi Muru, huko Kibera. Kila asubuhi nilipopitia Soko la Toi kununua mkate, jirani yangu Akinyi, muuza sukuma wiki, hakukosa neno: "Mama Mutheu, hao watu wako wa ramani hawashibi?"

Ninyi mnaobonyeza rangi kwenye kompyuta, jueni kwamba zamani ramani ilichapwa kwa wino mweusi tu, kisha mtu akaipaka rangi kwa mkono. Nasi tulipozikarabati zilizochakaa tulifuata njia hiyohiyo. Ubao uliinamishwa kidogo. Brashi ilipita juu, tone la rangi likaning'inia, nawe ukalivuta hadi chini pasipo kupumzika. Ukisimama kujikuna, rangi inakauka na kuacha kovu. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu haikuniruhusu kusimama.

Kanuni kubwa ilikuwa moja: rangi ya mji mzima ichanganywe katika bakuli moja. Bakuli la pili halilingani na la kwanza hata ufanyeje.

Niliielewa kanuni hiyo siku ilipoletwa ramani ya mji wa bandari wa Ulaya, ya karne ya kumi na tisa. Katikati, mji ulikuwa wa rangi ya waridi. Pembeni, kwenye mitaa mipya ya vibarua kando ya reli, rangi iligeuka ikaelekea ya matofali. Mteja, mpambaji wa hoteli, alitaka zilingane.

"Hapa imeharibika," alisema.

"Haijaharibika," Msimamizi akajibu. "Bakuli liliisha. Mji ulikua kuliko rangi yake."

"Basi ipakwe upya."

"Basi ipeleke kwingine."

Mteja akaguna, akaichukua vilevile ilivyokuwa.

Kisha wapimaji wakaja Kambi Muru kupigilia vigingi vya barabara. Kwenye mchoro wao, mahali petu palikuwa peupe kama uwanja. Watu wakaitwa kikaoni. Akinyi akanijia mbio.

"Si wewe ndio mtu wa ramani? Tuchoree basi, waone kuna watu huku!"

Tulipima vichochoro kwa kamba ya kuanikia nguo. Nikachora kila paa, kila bomba, vyoo, kanisa. Nikachanganya rangi ya waridi katika bakuli moja, nikaanza na nyumba za wengine. Nilipofika kwenye paa langu, bakuli lilikuwa kavu.

"Changanya ingine," Akinyi akasema.

"Haitalingana."

"Na nani ataona?"

Mimi ningeona. Nilitaka tuonekane mji mmoja, usio na kiraka. Nikaliacha paa langu jeupe.

Kikaoni, kidole cha afisa wa barabara kilitembea juu ya ramani, kikatua kwenye ule weupe. "Na hapa? Hakuna mtu?"

"Mimi," nikasema. "Hapo nakaa mimi."

Watu wakacheka. Barabara ilisogezwa. Kanisa likapona, bomba likapona. Safu yetu ya mwisho haikupona. Nyumba yangu na ya Akinyi zilibomolewa asubuhi moja. Sote wawili tukahamia Kawangware, na hadi leo ananichokoza: "Mimi nilipakwa na bado nikabebwa. Rangi yako ni feki, mathee!"

Sasa nimestaafu, na utulivu nilioahidiwa haujafika. Huzunguka chumbani nikitafuta brashi. Na ajabu ni hii: katika ule mji wa bandari nimesahau mitaa yote, isipokuwa ile ya bakuli la pili.

Juzi nilichanganya rangi, nikamshika Akinyi mkono, tukaenda hadi kanisani Kambi Muru, ambako ramani yetu imetundikwa. Mzee wa kanisa akaitoa ukutani, akaiweka mezani, akaiinua upande mmoja kwa vitabu vya nyimbo.

"Lakini Mama Mutheu, nyumba hiyo si ilienda?" mzee akauliza nilipoelekeza brashi kwenye paa langu.

"Hata ya Akinyi ilienda. Mbona imepakwa?"

Nikalivuta tone pasipo kusimama. Rangi ikaelekea ya matofali. Ramani iliporudishwa ukutani, Akinyi alirudi nyuma hatua kwa hatua, hadi mlangoni.

"Haijalingana," akasema.

"Najua."

"Lakini yako ndiyo inaonekana kwanza."