Mtungi wa Jirani Kwenye Laini

Leo hapa Lodwar nimefungua mtungi uliokaa juani, na harufu ya plastiki moto ikanirudisha kambini Kakuma, kwenye bomba la maji.

Shuleni mwalimu alikuwa amechora mstari ubaoni, akasema kwa Kiingereza unaitwa laini. Neno hilo tulikuwa nalo tayari. Laini ilikuwa kadi ya simu ya baba. Laini ilikuwa foleni ya unga. Na laini ilikuwa mitungi iliyopangwa vumbini, kila mmoja ukimshikia mwenyewe nafasi. Mwenyewe asipokuwepo, aliye nyuma alimsukumia mtungi kwa mguu. Hakuna aliyeuruka.

Asubuhi moja mbele yetu kulikuwa na mtungi wa rafiki yangu, mtoto wa jirani, wa manjano, umefungwa kitambaa chekundu. Aliuweka alfajiri. Kisha basi likaja likawachukua yeye na wazazi wake, waende kupanda ndege ya kuhamia ng'ambo.

"Mama, tupite. Hawarudi."

"Sukuma, mwanangu. Iko kwa laini."

Nikausukuma hadi bombani. Maji yalikuwa yakitoka membamba kama uzi. Mama akaujaza mpaka mdomoni, akafunga kifuniko, akaubeba hadi kwao na kuuweka mbele ya mlango uliofungwa. Mimi nikaweka wetu chini ya bomba. Bomba likakohoa, likakauka.

Mama aliporudi, akaubeba wetu mtupu hadi nyumbani. Usiku huo tulilala na kiu, na ule mtungi umejaa pale mlangoni.