Mguu wa Kuingilia Mpunga

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya useremala kule Kavimvira, bosi alinikabidhi randa akaniambia niondoe kila kisichokuwa kiti. Kuunda, kwake, kulikuwa kupunguza. Nilipohamia kwa wafua vyuma, msimamizi alinicheka. Chuma hakipunguzwi, alisema. Hupashwa moto, kikalainika, kikasukumwa huku na kule kwa nyundo bila kupotea. Nikajiona sijui lolote.

Vita vilinipeleka kwenye atelye, yaani karakana, ya miguu ya bandia, hapa Uvira. Mkuu wetu, Sista, alianza na kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki. Tulikizungushia plasta mbichi, tukasubiri igande na kushika umbo lake. Kwake, kuunda kulikuwa kutulia. Asubuhi zile, ukungu ukiwa ziwani na vumbi jeupe likielea dirishani, nilisahau kabisa kwamba milimani watu walikuwa wakipigana.

Ndipo akaja Mama Esperansi, mjane, mkulima wa mpunga kutoka Bwegera, kule bondeni. Bomu la kutegwa ardhini lilikuwa limemkata mguu chini ya goti. Tulimtengenezea mguu wenye unyayo mzuri wa kuvalia kiatu. Baada ya muda akarudi ameukumbatia. Shemeji zake walishaanza kusema shamba la marehemu apewe mtu anayeweza kuingia matopeni.

“Huyu muguu iko muzuri, Papa,” aliniambia, “lakini ni ya kanisa. Mu matope inanasa, miye naanguka. Unitengenezee ingine ya mupunga.”

Sista aliwaza kidogo, akasema tujaribu. Nilichonga mti mwembamba, nikafua kisahani cha chuma cha kukanyagia, kisicho na kisigino wala vidole vya kunaswa, na juu plasta ikatupa umbo la kigutu chake. Kazi zangu zote tatu zilikutana katika mguu mmoja. Msimu ule alipanda mwenyewe, shemeji wakanyamaza, nami nilifurahi mno.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kuunda hasa ni kupi kati ya hayo matatu. Huwa naiona barabara ya bondeni siku vita viliposhuka. Nilikwenda kumtafuta Mama Esperansi kati ya waliobebwa, kwenye baiskeli na machela. Hakuwamo. Alikuwa anakuja kwa miguu yake, mama mkwe wake mgongoni. Nilibaki nimesimama, nimemkodolea macho mpaka akanifikia.

“Papa, weye unasimamia nini?” alisema. “Tutembee.”