Mkono Usioachia

Mashine ya kusaga nafaka ilimla Msusi mkono wa kulia. Wateja walipopita mlangoni walimsalimia mbio mbio, macho chini, kama watu waliomwibia kitu. Hayo aliyameza. Lililomkaba ni moja: binti yake, ambaye kichwa chake hakijawahi kusukwa na mtu mwingine, ambaye tangu ajali hufunga kitambaa tu, alikuwa anaolewa Jumamosi.

Fundi wa mikono ya bandia alikuwa na kibanda nyuma ya gereji. Vidole alivichonga kwa mabomba ya maji, akavivuta kwa waya za breki za baiskeli. Bei yake hata maskini aliimudu.

"Unataka mkono ukushikie nini?"

"Nywele," Msusi akasema. "Ushike, usiachie."

"Dada, huu ukimshika mwizi, ataomba mwenyewe apelekwe polisi."

Wakacheka.

Ukashika kweli. Alijifunzia kwenye nyuzi za sufu alizofunga mguuni mwa meza, mpaka misuko ikatoka imenyooka. Ijumaa akamkalisha binti sakafuni, katikati ya magoti yake, kama zamani.

"Mama, usinitoe upara, mwenzio naolewa."

"Tulia wewe. Kichwa kigumu kama cha baba yako."

Mstari wa kwanza ulinyooka. Wa pili pia. Msusi akaanza kuimba chini chini. Alipoinama agawanye wa tatu, akaona mabega ya mwanawe yanatetemeka.

"Nakuumiza?"

"Wala. Suka tu, mama."

Akamgeuza uso. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni, na kwenye mizizi ya nywele palikuwa na vitone vya damu.

Fundi hakukosea, alitoa alichoombwa. Aliyesahau ni Msusi mwenyewe, aliyewafundisha nusu ya wasusi wa mtaa ule: kusuka ni kulegeza kuliko kukaza, na ngozi ya kichwa huzungumza na ncha za vidole kabla mdomo haujalia. Vidole vya bomba ni viziwi. Meza haikuwa imemwambia hilo.

"Malizia, mama. Haiumi, nakuapia."

"Naona."

Akaufumua mstari kwa mkono wa kushoto, polepole, akaufumua na wa pili.

"Nenda kwa yule msusi wa kona. Mwambie huku mbele alegeze, una ngozi nyepesi."

Binti hakuinuka. Aliegemeza kichwa gotini mwa mama yake, nywele zimetimka.

"Nenda, mwanangu. Atafunga saluni."