Ukiinuka Nafuta

Ukiingia saiba ya Mueni pale Junda, utakachokiona kwanza si Mueni wala kompyuta zake, ni kibao. Kipande cha boksi kimebandikwa ukutani juu ya mashine, kimeandikwa kwa maka nyekundu: UKIINUKA NAFUTA. Wageni hudhani ni vitisho. Wenyeji wanajua ni kwa sababu ya Purity, yule msusi wa ng'ambo ya barabara. Siku moja alijisahau akainuka na kuacha barua zake za mapenzi wazi. Aliyekalia kiti baada yake akazisoma kwa sauti, saiba nzima ikacheka, na kabla ya jua kuzama uchumba wa Purity ulikuwa umevunjika. Alikuja kulia mlangoni kwa Mueni, na kilio cha Purity si kilio cha mtu mmoja.

Mueni hakupenda kulaumiwa. Alizaliwa Changamwe, binti wa Kioko wa bandarini, mtu aliyekagua kila fundo la kamba hata kama kamba si yake. Basi akatoa kwenye mashine ule mfumo wa kunakiliwa kiholela uliokuwa ukiliwa na virusi kila wiki, akaweka Linux, mfumo wa bure usio na wa kuudai leseni. Akaipangia sharti moja: mteja akimaliza na mashine ikifungwa, kila alichokifanya, alichokiandika na alichokihifadhi kinaondoka. Asubuhi mashine huamka haimjui mtu. Wateja walinung'unika, eti kompyuta za Mueni zina dini yao. Yeye akawa anajivunia usafi huo kuliko jambo jingine lolote maishani, na kwa kweli hakuwa na mengine mengi ya kujivunia. Mume alikwenda Nairobi kutafuta kazi akapata mke. Mtoto hawakujaliwa.

Mzee Mwarandu aliingia asubuhi mwezi ukielekea ukingoni, viatu vyake vyeupe kwa vumbi la machimbo ya Mwakirunge.

"Shikamoo, baba," Mueni akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

Aliuliza yote yanayoulizwa, taratibu, kisha akatoa kwenye mfuko wa nailoni aproni ya kazi, imefuliwa na kupigwa pasi. Kifuani ilikuwa imedariziwa jina la hoteli moja ya Shanzu iliyokwisha fungwa, na chini ya jina, anwani ya tovuti yake.

"Ya binti yangu, Dhahabu," alisema. "Alikuwa akitandika vitanda pale. Wakamchukua picha za video, wakamtia kwenye mtandao awakaribishe wageni. Nimeambiwa bado yumo."

Hoteli ilipofungwa, Dhahabu alirudi kwa wazazi wake akawa anaponda kokoto pamoja nao. Ukuta wa machimbo ukamwangukia, yeye na simu yake mfukoni. Picha mbili tatu za karatasi zilikuwapo nyumbani, lakini sauti haikubaki popote. Sasa walikuwa wanajitayarisha kwa hanga ivu, kilio cha pili, kile cha kumaliza matanga miezi baada ya maziko, na mamake hakutaka jingine ila kumsikia mtoto wake akisema neno.

"Hata akisema karibu tu," mzee aliongeza.

Mueni akaifungua tovuti. Bwawa la kuogelea, minazi, vitanda vyenye taulo zilizokunjwa kuwa ndege. Juu kabisa palikuwa na mstari mmoja wa maandishi: ukurasa huu utaondolewa mtandaoni mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulikuwa kesho. Chini, mahali pa video, palikuwa na kisanduku cha kijivu, kitupu.

"Ndimo alimo?" mzee aliuliza.

"Ndimo, baba. Ila hajafunguka."

Sikia, hili halikuwa jambo la kumshinda mtu, ndivyo Mueni alivyodhani. Video ile ilitengenezwa zamani, wakati vivinjari, programu za kufungulia tovuti, vilipohitaji kupachikwa kijiprogramu cha pembeni, plagini, ili vionyeshe picha zinazotembea. Plagini hiyo waliokuwa wakiitengeneza walishaiacha, na vivinjari vya leo havitaki hata kuisikia. Akatafuta kivinjari cha zamani, akakipata. Akatafuta plagini yenyewe iliyotengenezwa kwa Linux, akaikuta kwenye tovuti ya watu wasiotupa vitu. Akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaiweka kwenye folda yake. Akakiuliza kivinjari: una plagini? Kikajibu kinayo. Akarudi kwenye ukurasa. Kijivu.

Aliitoa akairudisha. Alibadilisha ruhusa za faili. Alizima akawasha, na kila alipozima, mashine ilisahau yote kwa lile sharti lake, naye akaanza upya kupakua na kupachika huku akijilaani kwa Kikamba. Mteja aliyetaka kuchapishiwa barua akaambiwa aende kwingine. Jioni mzee alikunja aproni akaaga, akasema atarudi kesho, Mungu akipenda. Mueni hakumtazama usoni. Alikuwa na hasira na kile kisanduku kana kwamba kimemtukana.

Kesho yake mzee alifika mapema akaketi kwenye benchi karibu na mlango. Mchana ulipita na maandazi yaliyopoa. Ilikuwa alasiri Mueni alipokutana na maneno ya mtu asiyemjua, kwenye jukwaa moja la mafundi wa Linux: plagini ile si kwamba imeharibika. Wenyewe waliitilia tarehe ya kufa. Tarehe ikifika inakataa kuonyesha chochote, hata iwekwe vipi.

Mueni aliyasoma mara mbili. Kisha akaiendea saa ya mashine, akairudisha nyuma miaka, hadi ule mwaka ambao hoteli ilikuwa imejaa wageni na Dhahabu alikuwa akiamka alfajiri kwenda kazini.

Akafungua ukurasa. Kisanduku kikawa cheusi, kikameta, na msichana mwenye aproni akatokea akilaza taulo juu ya kitanda. Sauti ikaja kwenye vipokea sauti vya masikioni. Mueni akaziba mdomo kwa mkono. Alimsikiliza hadi mwisho, kwani video haikuwa ndefu, kisha akageuka machozi yakimtoka.

"Baba, njoo. Njoo umsikie."

Mzee alisimama. Alipiga hatua kuja kwenye kiti, mkono umeshanyooka, halafu akasita. Alibaki pale katikati ya chumba, akaurudisha mkono.

"La, mwanangu."

"Baba, yuko hapa!"

"Najua yuko. Lakini kilio cha mtoto huyu ni changu na cha mamake. Kwetu, kumaliza matanga ni kwa wote pamoja. Nikimsikia leo peke yangu, usiku nitalalaje na mama yule ubavuni? Nitamletea asubuhi. Tutamsikia pamoja."

"Leo ndiyo mwisho wa mwezi," Mueni alimkumbusha. "Ukurasa huenda ukaondoka."

"Huwezi kumweka?"

Angeweza, na alimweka. Aliipakua ile video, ikashuka yote, akaiona faili imekaa kwenye folda kwa jina lake. Akaifungua kuhakikisha, Dhahabu akatabasamu tena.

"Nimtie kwenye simu?" Mueni aliuliza.

Mzee alitoa kabambe yake, simu ndogo ya vitufe yenye kioo kilichopasuka, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza. "Hii haijui hata picha. Mamake ana dada yake mwenye simu kubwa, tutakuja nayo kesho. We mweke tu hapo."

"Namweka, baba. Nenda kwa amani."

Laiti angelisema hivyo akaondoka papo hapo, mlango wazi, mashine ikiwaka. Lakini Mueni alikuwa na furaha, na furaha haikuwa imemzoea. Alifagia huku akiimba. Alirudisha viti mahali pake, akapangusa vumbi, akapita mashine moja moja akizifunga kama alivyozifunga kila jioni tangu siku ya Purity. Mkono wake ulijua njia bila kumuuliza. Hata kwenye kiti kile haukusita. Alifunga mlango akaenda zake, na usiku alilala vizuri.

Asubuhi alipowasili, walikuwa wameshafika. Mzee alivaa kanzu nyeupe ya Jumapili, ile ya kwaya ya kanisani. Mkewe alikuwa mama mfupi aliyejifunga leso mpya, simu kubwa ya dadake ameishika kwa mikono miwili. Alimwamkua Mueni kwa kumkumbatia, akambariki, akaketi kwenye kile kiti na kuuweka mkoba wake mapajani.

Mashine iliamka safi. Folda ilikuwa tupu.

Mueni alibonyeza tena. Akatafuta jina la faili kwenye mashine nzima. Akajiambia si kitu, njia sasa anaijua. Akapakua kivinjari, akapachika plagini, akarudisha saa nyuma, yote kwa haraka bila kukosea hata mara moja. Akaandika anwani iliyodariziwa kwenye aproni. Ukurasa haukufunguka. Akajaribu tena, na tena. Plagini ilikuwa nzima sasa. Haikuwa na cha kuonyesha.

"Anakuja?" mama aliuliza, akijisogeza karibu na kioo.

Mueni aliinua macho, akakutana na maandishi yake mwenyewe mekundu ukutani. Aliketi sakafuni.

"Nimemfuta, mama," alisema. "Nilimpata, nikamweka, halafu nikafunga mashine kama kawaida. Ni mimi. Nisamehe."

Pikipiki zilipita nje. Mama alimgeukia mumewe.

"Lakini wewe ulimsikia? Jana?"

Mzee Mwarandu alitikisa kichwa. "Nilikungoja wewe."

Mama akamtazama, mtu waliyeponda mawe pamoja ujana wao wote. "Ungemsikia tu, baba Dhahabu," alisema polepole. "Ungekuja kuniambia." Mzee akaketi benchi, akaanza kuikunja ile aproni upya, ingawa ilikuwa imekunjwa.

Kisha mama akamrudia Mueni pale sakafuni. "Na wewe ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Alisemaje?"

Mueni alifuta uso kwa kiganja. Maneno aliyakumbuka yote. "Alisema: Karibuni sana. Mimi naitwa Dhahabu. Chumba chenu kiko tayari, mkihitaji chochote niiteni, nitakuja."

"Sema tena. Sema kama alivyosema."

Mueni akajaribu. Akaipunguza sauti yake, akaivuta mwishoni kama alivyoisikia ikivutwa, akatabasamu hata, kwa kuwa msichana alitabasamu. Karibuni sana. Mimi naitwa Dhahabu. Mama alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha upande mmoja, na midomo yake ilitembea pamoja na maneno hadi yalipokwisha.

Alifumbua macho, akamshika Mueni shavu.

"Asante, mwanangu," alisema. "Lakini si yeye."