Mama mkwe, kamongo na lambo la Mhunze

Leo mama mkwe kanivuta matopeni. Na kwetu Wasukuma, mtu na mama mkwe wake hawashikani hata mikono.

Lambo lilionekana kavu, nikashuka kuchimba kamongo, yule samaki anayejificha ardhini kiangazi. Nikasahau mwaka huu mvua zimenyeshanyesha hata kiangazi. Juu pagumu, chini uji.

Nikazama hadi kifuani.

Mama mkwe, aliyekuwa akipita na jembe lake, akaninyooshea mpini, uso kaugeuzia pembeni. Ukaniponyoka, nikazidi kushuka.

Basi akatupa jembe, akanishika makwapani, akavuta.

Nimepona jamani. Matope bado yako masikioni.

Aliponitoa akasogea mbali, akajifunika kitenge: "Baba Neema, hatujaonana hapa."

Sasa nisaidieni. Mtu ambaye sijaonana naye namshukuruje?