Chai ya Injinia wa Laptopu

Jirani yangu hapa Kibomet alimwita bwana mmoja mwenye laptopu aje kuifuta taa ya injini iliyokuwa ikiwaka kwenye gari lake. Jumatatu gari hilo lilitakiwa kumpeleka mama wa jirani kliniki kutoka Bumula, mguu wake ukiwa ndani ya plasta. Bwana alichomeka waya chini ya usukani, akasema anaandika upya programu ya kompyuta ya gari.

"Umehifadhi programu ya zamani kwanza?" nikamuuliza.

Alinitazama kuanzia viatu hadi miwani. "Madam, wewe ni mwalimu, si ndio? Hii si ya vitabu."

Kwenye skrini, mstari wa kijani ulifika katikati ukakwama. Gari likazima kabisa, likakataa kuwaka tena. Akaifunga laptopu polepole, akamgeukia jirani.

"Mama, hii gari ilikuwa na shida hata kabla nije. Si utafute mtu ako na gari kama hii, nikopi programu yake niweke kwa hii yako?"

Nilingoja afukuzwe. Jirani akamletea chai. "Kunywa kwanza, injinia."

Jumatatu mamake alienda kliniki kwa bodaboda, plasta imenyooshwa kando. Najua hatumfukuzi mtu aliyekwisha kuingia uani. Lakini jamani, jirani alimwongezea hata sukari.